Ana miaka 18, jina halimo daftarini

Uchaguzi ukikaribia, Nairobi huanza mapema kuwalaumu vijana. Kwenye matatu, kwa kinyozi, kwenye vikao vya ukoo, hakosi mtu mzima wa kusema kwamba watoto wa siku hizi wana kelele nyingi na kura hawana. Ukizitazama takwimu juu juu, utadhani zinamwunga mkono. Katika uchaguzi wa 2022 daftari la wapigakura lilikuwa na majina 22,120,458. Wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40 ya majina hayo, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 5 ikilinganishwa na 2017. Waliovuka miaka 35 waliongezeka. Na hii ni nchi ambayo, kwa sensa ya 2019, watu watatu kati ya kila wanne hawajafika miaka 35.

Utasema sensa inahesabu hata watoto wachanga, na ni kweli. Basi tupige hesabu nyingine. Sensa ile ya Agosti 2019 ilikuta watoto zaidi ya milioni 6 wenye miaka 10 hadi 14. Uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027 ukifika, karibu wote watakuwa na miaka 18 hadi 22, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na umri wa kupiga kura 2022. IEBC, tume yetu ya uchaguzi, imejiwekea lengo la kuandikisha wapigakura wapya milioni 6.3 kabla ya siku hiyo. Ziweke tarakimu hizo mbili pamoja uone kazi yenyewe inamhusu nani. Inawahusu watoto wetu waliomaliza shule juzi, na wengine ambao sasa hivi wako darasani wamevaa sare.

Ninachotaka kusema ni kwamba pengo lililopo kati yao na sisi wakubwa wao tumelijenga sisi, kwa kalenda, kwa makaratasi na kwa foleni. Kisha tunawageukia na kuwaambia hawajali.

Anza na namna sisi wenyewe tulivyoingia daftarini. Mwaka 2012, kati ya Novemba na Desemba, majina yote nchini yalichukuliwa upya. Daftari la zamani liliwekwa kando, zikaletwa mashine za kuchukua picha na alama za vidole, na kwa siku 30 wakaandikishwa watu zaidi ya milioni 14. Mama yangu alikwenda siku moja baada ya kutoka sokoni. Alisimama kwenye foleni ya shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani, akapigwa picha, akaweka vidole, akapewa kikaratasi, akarudi kupika. Tangu siku hiyo hajaulizwa kitu. Alipiga kura 2013, akapiga 2017, akapiga 2022, na 2027 Mungu akimjalia uhai atapiga tena, kwa sababu ya alasiri ile moja. Jina lake linabebwa kutoka uchaguzi hadi uchaguzi bila yeye kunyanyua hata simu.

Daftari letu hubeba waliokwisha kuingia. Huwabeba hata wasiokuwapo: ukaguzi wa 2022 ulikuta ndani yake majina zaidi ya laki mbili ya watu waliofariki, yaliyohitaji kufutwa. Sisemi hivyo kumkosea marehemu yeyote. Nasema ili tuone kwamba kuwa daftarini si kipimo cha ari ya mtu. Ni alama kwamba siku moja huko nyuma, mtu huyo na mashine walikutana mahali pamoja na kitambulisho kikiwa mfukoni. Mwenye miaka 55 amekuwa na nafasi nyingi za kukutana na mashine hiyo, wakati mwenye miaka 18 na nusu pengine hajapata hata moja.

Oktoba 2021 nilipata kibarua cha ukarani wa usajili katika wadi moja ya Kayole. Tuliketi kwenye baraza ya shule ya msingi, meza mbili za wanafunzi zimeunganishwa, mashine juu yake: kompyuta ndogo, kamera, na kile kisomeo cha vidole chenye kioo kinachowaka kijani. Kazi yenyewe si ngumu. Unaingiza namba ya kitambulisho na majina, unamwelekeza mtu atazame kamera, kisha vidole. Vinne vya mkono wa kulia, bonyeza, toa. Vinne vya kushoto. Gumba mbili. Walionipa shida ni vijana wa mjengo na akina mama wa kufua nguo. Saruji na sabuni zilikuwa zimekula mistari ya vidole vyao, kioo kinakataa, nafuta kidole kwa kitambaa chenye maji, nakikausha, naomba wajaribu tena. Kuna kijana alinionyesha viganja vyake vilivyopasuka akaniambia, "Madam, hivi ndivyo vidole nilivyo navyo." Tulirudia mpaka vikashika. Alikuwa ametoka kazini na kuacha malipo ya saa kadhaa ili aandikishwe. Tangu hapo, mtu akisema hao hawajali, huwa namkumbuka yule.

Lakini waliokuja asubuhi na kukaa kwa utulivu wengi wao walikuwa watu wazima, na baadhi yao hata hawakuwa wapya. Walikuja kuhamisha kituo, kwa kuwa walihama nyumba kutoka Umoja au Dandora, au kwa kuwa kura yao ilikuwa mashambani na nauli ya kwenda huko imepanda. Wenye miaka 18 na 19 walitokea jioni, saa kumi na kitu, shule za kutwa zikishafunga. Walikuja kwa makundi, wakisukumana na kucheka, mmoja ametangulizwa mbele aulize kwa niaba ya wote.

"Kuna nafasi?"

"Nafasi ipo. Kitambulisho?"

"Bado. Niko na ile karatasi tu."

Karatasi hiyo ni ile unayopewa ukishaomba kitambulisho, unapokisubiri. Sheria inataka kitambulisho chenyewe, au pasipoti, na mtoto wa Kayole mwenye pasipoti sikumwona. Basi niliwaambia warudi kitambulisho kikitoka. Waliitikia vizuri, kwa adabu, wakaenda zao. Mashine yetu baada ya siku chache ilihamia kituo kingine cha wadi, na sidhani wengi wao walitufuata.

Tume ilikuwa imelenga wapigakura wapya milioni 6 katika awamu hiyo. Ilipata kama milioni 1.5. Ikarudi Januari 2022 ikilenga milioni 4.5, ikapata kama milioni moja. Magazetini uliandikwa usugu wa vijana. Sikuona aliyeitazama kalenda ya shule.

Itazame. Kwa sababu ya korona, mihula ya mwaka ule ilikuwa imevurugika. Usajili wa halaiki ulianza tarehe 4 Oktoba 2021 ukaendelea hadi mwanzo wa Novemba. Muhula wa pili ulifunguliwa tarehe 11 Oktoba. Awamu ya pili ilianza tarehe 17 Januari 2022 ikaisha tarehe 6 Februari; shule zilikuwa zimefunguliwa tangu mwanzo wa Januari, na kidato cha nne walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wao wa Machi. Katika awamu zote mbili, mwanafunzi wa bweni alikuwa nyuma ya geti. Wazazi wengi wa Nairobi hupeleka watoto shule za mbali, Murang'a, Machakos, Kakamega, Kitui. Mtoto wa Embakasi anayesoma Kitui, ana miaka 18, pengine hata kitambulisho anacho, angetoka shuleni kwa ruhusa ya nani aje Nairobi kuweka vidole? Na angeandikishwa huko huko Kitui, Agosti angejikuta na kura mahali ambapo hana godoro tena. Katiba, Ibara ya 83, inasema mtu aandikishwe kituo kimoja tu. Ni sharti la haki, sina ugomvi nalo. Ila linamwelemea zaidi mtu ambaye maisha yake yanahama kila miezi mitatu kati ya bweni, nyumbani, kwa shangazi na chuo.

Kuna kundi jingine ambalo huniuma zaidi, maana hata mlalamikaji wa kwenye matatu hana la kuwalaumu. Chukua mtoto aliyezaliwa Julai 2004. Tarehe 9 Agosti 2022, siku ya kura, alikuwa ametimiza 18. Kisheria ni mtu mzima. Angeweza kushtakiwa kama mtu mzima, kufunga ndoa, kujiunga na jeshi. Lakini siku alipotimiza umri huo daftari lilikuwa limeshafungwa. Hakuna ofisi ambayo angebisha hodi, wala bidii yoyote ambayo ingemsaidia. Atapiga kura yake ya kwanza akiwa na miaka 23. Wenzake wote wa miezi ile wako hivyo hivyo, nao tukiwahesabu tunawaweka kwenye fungu la vijana wasiojitokeza.

Msichana wa kaka yangu alizaliwa Huruma, Januari 2008. Waliokuwapo Nairobi mwezi huo hawahitaji kuelezwa ulikuwa mwezi gani. Mama yake alijifungulia nyumbani kwa sababu njia ya kwenda hospitali ilikuwa imefungwa kwa moto na mawe, mkunga akiwa mama wa jirani, wa kabila ambalo watu wa upande wetu walikuwa wakiambiwa waliogope. Januari hii alitimiza miaka 18. Wote watakaokuwa na miaka 18 au 19 uchaguzi ujao wamezaliwa kati ya Agosti 2007 na Agosti 2009, kwa hiyo wengi wao mama zao waliwabeba tumboni au mgongoni katika ghasia zile za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua Wakenya zaidi ya elfu moja. Ningedhani taifa lingewangoja watoto hawa mlangoni, na daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wao.

Nilimsindikiza kuomba kitambulisho. Inatakiwa cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, na fomu yenye muhuri wa chifu au naibu wake. Vyote alikuwa navyo kwenye bahasha ya kaki, amevipanga. Kwa chifu tulikuta foleni imeshafika nje ya geti. Vijana wameegemea mabati, kila mmoja na bahasha yake. Zamu yake ilipofika, afisa alilinganisha karatasi mbili akazirudisha. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la mama yake limeandikwa Wanjiru, kwenye kitambulisho cha mama limeandikwa Wanjiro. Herufi moja. Afisa hakuwa mkali, alisema tu kwamba ndivyo utaratibu ulivyo, tulete hati ya kiapo kutoka kwa wakili. Hati ya kiapo ni pesa. Kwa kaka yangu ni pesa za unga na mafuta ya wiki. Tulizipata, ikaandikwa, tukarudi, akawekwa wino, akapewa ile karatasi. Mpaka ninapoandika haya bado anasubiri kitambulisho.

Naomba ieleweke simlaumu yule afisa. Nchi lazima ijue inamwandikisha nani. Tena serikali imelegeza baadhi ya mambo: ada ya shilingi 300 kwa kitambulisho cha kwanza iliondolewa mwaka 2025. Februari mwaka huo huo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza mwisho wa ule uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa vijana wa jamii za mpakani. Hapa Nairobi waliojua uzito wa jambo hilo ni watu wa Eastleigh, na Wanubi wa Kibra, ambao babu zao wamezikwa hapa na bado kijana wao alikuwa akiitwa mbele ya kamati athibitishe kwamba ni Mkenya. Rafiki yangu Mnubi aliniambia kaka zake watatu walipitisha uchaguzi mzima wakingoja kamati hiyo. Walikuwa na hamu ya kupiga kura kuliko watu wengi ninaowajua, na siku ya kura walikaa nje wakawaangalia majirani wakirudi na vidole vyenye wino.

Baada ya kitambulisho inakuja foleni ya pili. Usajili wa kawaida, usio wa halaiki, hufanyika ofisi ya tume ya eneobunge, na vijana wengi niliowauliza hawajui ofisi hiyo iko wapi. Nairobi ina maeneobunge 17, na ofisi hizo si vibanda vya M-Pesa useme utapishana na kimoja ukienda dukani. Kwanza kitambulisho, kisha kuijua ofisi, kisha nauli, kisha siku ya kazi wakati vibarua havingoji. Kila hatua inaangusha wachache, na hatua zote zimewekwa katika mwaka ule ule ambao mtoto anaacha shule, anatafuta karo ya chuo au kazi, na mara nyingi anahama nyumba.

Halafu tunafika kwenye swali la imani, ambalo nisingelikwepa hata kama lingeniharibia hoja. Kijana mmoja anayeosha magari karibu na kwetu aliniambia waziwazi kwamba hajaandikishwa na hana mpango. "Nikiandikishwa, namchagua nani?" Ana miaka 19. Amekua akisikia habari za 2007. Mwaka 2017 alikuwa shule ya msingi Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, tarehe 1 Septemba, ukarudiwa na nusu ya nchi ikasusia. Kisha Juni 2024 alikuwa mjini kwenye maandamano, barabara ya Moi, macho yanawasha kwa moshi. Tarehe 25 vijana waliingia Bungeni. Tarehe 26 Rais akasema hatatia saini Mswada wa Fedha waliokuwa wakiupinga. Siku moja tu. Hakuna kura aliyowahi kusikia ikifanya kazi haraka hivyo. Ililipiwa kwa damu, maana Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya miezi ile. Lakini kijana huyo akiamua kwamba barabara ndiyo inayosikika na sanduku la kura ni bubu, anasema kutokana na aliyoyaona. Sitamwita mjinga.

Na kuna jambo ambalo wakubwa wake wanalisahau wanapomwambia kwamba angeacha mawe akachukue kura. Mwezi ule wa Juni 2024 tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna. Walioondoka walikuwa wameondoka tangu mwanzo wa 2023, na wapya waliapishwa Julai 2025. Usajili wa mfululizo ulianza tena tarehe 29 Septemba 2025. Katiba, Ibara ya 88, inaitaka tume iandikishe wananchi mfululizo, bila kukoma. Wakati ambapo vijana wa nchi hii walikuwa wameamka kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, hasira ikiwa mbichi na kila mmoja anamwuliza mwenzake tufanye nini sasa, nyumba iliyopaswa kuwapokea haikuwa na wenyewe. Hasira ya Juni haikai hadi Septemba ya mwaka unaofuata. Inageuka kazi, inageuka mapenzi, inageuka safari ya kwenda Qatar kutafuta maisha.

Lakini hata ukitoa imani, bado kuna kitu hakijakaa sawa. Mama yangu hana imani na wanasiasa pia. Msikilize taarifa ya habari ya saa moja ikianza: kila anayetokea kwenye runinga ana jina lake la kumsuta. Mara mbili ameapa kwamba hatapiga kura tena. Asubuhi ya kura ikafika, akasikia majirani wakiitana gizani, akavaa leso na koti akaenda. Aliweza kubadilisha nia saa kumi na moja alfajiri kwa sababu jina lake lilikuwa mle tayari. Kijana yule wa kuosha magari hana nafasi hiyo. Akitaka kubadilisha nia Agosti 2027, mgombea wa maana akitokea, au rafiki yake akigombea udiwani, au bei ya unga ikimfikisha mahali, atakuta daftari limefungwa. Anatakiwa aamue miezi mingi kabla ya kampeni, kabla ya kuwajua hata wagombea, katika umri ambao mwezi mmoja ni mrefu sana. Mtu mzima anaulizwa kama atapiga kura. Kijana anaulizwa mapema kama atataka kupiga kura siku moja, na akisita tu, jibu linaandikwa hapana kwa miaka mitano.

Na kuhusu ububu wa sanduku: mwaka 2022 tofauti kati ya Ruto na Raila Odinga ilikuwa kura 233,211. Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wa mwaka mmoja tu ni karibu milioni moja. Simwambii kijana yeyote amchague nani, wala sidai kwamba wangepiga kura upande mmoja. Namwonyesha tu kwamba wenzake aliokaa nao kwenye chumba cha mtihani, nchi nzima, ni wengi mara nne ya pengo lililoamua urais.

Kwingine wamejaribu kuondoa baadhi ya hatua hizi. Afrika Kusini, mtoto wa miaka 16 anaweza kuandikishwa, jina lake likakaa likingoja. Akitimiza 18 linaingia lenyewe kwenye orodha ya wanaopiga kura. Brazili wanaruhusu kura kwa hiari kuanzia 16 tangu Katiba yao ya 1988, na hata mwenye miaka 15 anaandikishwa ikiwa atakuwa ametimiza 16 siku ya uchaguzi. Kule mtoto wa Julai hapotei. Mapema 2022 walifanya kampeni kubwa, wasanii wakasaidia, na vijana zaidi ya milioni mbili wenye miaka 16 hadi 18 wakaandikishwa kwa miezi minne. Marekani, ambako pia walio na miaka 18 huachwa nyuma sana na wazazi wao katika orodha, majimbo kama California na Florida huwaandikisha kabla, kuanzia miaka 16, wakiwa bado shuleni. Si dawa ya kila kitu. Afrika Kusini wenye miaka 18 na 19 bado ni wachache mno daftarini ukiwalinganisha na wazee, kwa sababu kule nako kuna vijana wanaouliza wamchague nani. Lakini angalau mlango hauwazuii wale wanaotaka kuingia.

Sisi tulishusha umri wa kupiga kura kutoka 21 hadi 18 mwaka 1974. Tulibadilisha umri, na karibu kila kitu kinachouzunguka kikabaki kama cha mtu mwenye kazi, nyumba na anwani. Kitambulisho bado kinaombwa baada ya kutimiza 18, hakuna kuanza mapema hata kwa mwezi. Serikali imewahi kutuma maofisa wa usajili wa watu mashuleni kuchukua alama za vidole za wanafunzi waliofikisha umri, na kila ilipofanyika ilikuwa jambo jema. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini gari hilo hilo, siku ya kurudi na vitambulisho vilivyokwisha tengenezwa, lisije na mashine ya tume na karani mmoja. Meza mbili kwenye baraza ya darasa zinatosha. Najua, nimeketi kwenye meza hizo. Mtoto anapokea kitambulisho meza ya kwanza, anahama hatua tatu, anaweka vidole meza ya pili, anachagua kituo cha nyumbani kwao Kayole au Kawangware, anarudi kwenye somo la kemia. Dakika tano, kama vidole havina saruji.

Wakipinga kwamba shule si mahali pa siasa, nitakubaliana nao kwa moyo wote. Mgombea asikaribie geti. Lakini shule zile zile ndizo vituo vya kupigia kura, na mwalimu mkuu huyo huyo hutoa madarasa yake Agosti bila kunung'unika.

Kwa sasa sheria ni hii iliyopo na muda unakwenda, kwa hiyo wazazi, mashangazi na wajomba wa Nairobi, tazameni tarehe za kuzaliwa za watoto wenu. Aliyezaliwa tarehe 10 Agosti 2009 au kabla ya hapo atakuwa na umri wa kupiga kura siku ya uchaguzi ujao, ingawa wale watakaotimiza 18 katika wiki za mwisho kabla ya kura watakuta daftari limefungwa. Leo jioni toeni cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vyenu, mvilinganishe herufi kwa herufi, hasa jina la mama. Kama kuna tofauti, anzeni na hati ya kiapo sasa, wakati hamna haraka. Akitimiza 18 akiwa bweni, mwombeeni ruhusa ya siku moja mapema, au pangeni iwe wiki ya kwanza ya likizo, kabla foleni kwa chifu haijafika getini. Karatasi ya kusubiri ikipita wiki kadhaa bila kitambulisho, fuatilieni, maana vingine hukaa kwenye droo vikiwa tayari. Na kitambulisho kikitoka, msimtume peke yake ofisi ya eneobunge. Nendeni naye. Mkifika, nanyi hakikisheni kama kituo chenu bado ni kile mlichokiacha 2012.